Harufu ya nyasi kwenye Sauvignon Blanc si kasoro

Msomaji wa hapa Nairobi ameniuliza kama ameuziwa divai mbovu, maana Sauvignon Blanc, divai nyeupe, aliyofungua ilinukia nyasi mbichi na pilipili hoho. Hakupunjwa. Aliyenunua hiyo amenunua baridi ya bahari, na ndiyo anayoilipia.

Chupa nyingi za aina hii tunazoziona hapa hutoka Afrika Kusini. Kule mkondo wa Benguela hupitisha maji baridi kando ya pwani ya magharibi, na upepo wa baharini hufika hadi mashamba ya Darling na Durbanville. Mashamba ya Constantia hupozwa na upepo wa ghuba ya False Bay. Elim iko karibu na Cape Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Harufu ya majani huletwa na kemikali ziitwazo pirazini, ambazo jua na joto huzipunguza kadiri zabibu inavyoiva. Joto hilohilo huunguza asidi ya tunda, kwa hiyo divai ya sehemu za joto hulegea mdomoni. Harufu ya pasheni na balungi ni habari nyingine: hiyo hufunguliwa na hamira wakati divai inachacha.

Kwa hiyo soma lebo kabla ya bei. "Western Cape" ni eneo pana mno, na zabibu zinaweza kuwa zimechanganywa kutoka popote humo. Likitajwa jina dogo kama Elgin au Elim, sheria yao inadai zabibu zote ziwe za hapo. Angalia na mwaka. Kule huvuna mwanzoni mwa mwaka, na ile iliyochachishwa kwenye tangi la chuma, kwa nyuzi 12 hadi 16 hivi, ni ya kunywa ndani ya miaka miwili au mitatu. Kuiweka kabatini ingoje harusi ni kuiua. Iliyopita kwenye mapipa ya mwaloni, mara nyingi ikiwa na Semillon kidogo (zabibu nyingine nyeupe), ni nzito, ina moshi kwa mbali, na huvumilia miaka mitano au zaidi.

Chupa ya kioo cheupe iliyopangwa dirishani mwa duka, iache hapohapo. Mwanga huifanya inuke kabichi iliyochemshwa, na hakuna friji itakayoiponya.

Tena acheni kuigandisha! Friji ya nyumbani huwa kwenye nyuzi 4 hivi, na hapo harufu yote hulala, unabaki na uchachu mtupu. Itoe dakika 15 kabla ya kumimina, ifike nyuzi 8 hadi 10. Ya mwaloni ifike 12. Kama wageni wameshafika na chupa bado ina joto, ndoo ya barafu nusu na maji nusu, na konzi ya chumvi, huipoza kwa robo saa. Barafu ndani ya glasi huifanya maji.

Mezani, tilapia wa kukaanga na kachumbari yenye dania na limau ndiye mwenzake. Mbuzi choma mpe ile ya mwaloni. Pilipili kali iwe kidogo, kwa sababu kileo cha asilimia 13 huongeza mwako. Ikibaki, funga kizibo uirudishe kwenye friji. Siku ya tatu harufu imefifia, itie kwenye mchuzi wa samaki.