Daktari, mmemchanja ndama wangu au mmempa ndigana?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina ndama jike wa miezi mitatu. Juzi walikuja wa kuchanja ndigana kali, wakamchoma sindano mbili, moja chini ya sikio na nyingine kwenye msuli wa shingo, wakamvisha na hereni. Jirani yangu anasema ile si chanjo, wamemwekea ugonjwa wenyewe. Na bei ilinitoa jasho. Nimetapeliwa?
Mama wa ng'ombe wawili, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mama. Jirani yako kasema kweli, ila hakumaliza. Sindano ya chini ya sikio ina vijidudu hai vya Theileria parva, walewale wanaoua ndama malishoni. Ya pili ni oksitetrasaiklini, antibiotiki inayokaa mwilini siku kadhaa. Hiyo inawabana vijidudu hao, ndama anaugua kidogo, pengine hata usitambue, na kinga anayoipata hudumu miaka mingi. Njia hii iliendelezwa Muguga, Kenya, hadi miaka ya 1970, na chanjo yenyewe bado inaitwa kokteli ya Muguga kwa kuwa imechanganya aina tatu za kijidudu hicho.

Bei nayo ina sababu. Kijidudu hiki huenezwa na kupe, na humo ndimo kinamokuzwa. Kupe wachanga hulishwa kwenye ng'ombe mgonjwa. Wakishakua, wanabandikwa masikioni mwa sungura kwa siku nne hivi, maana kijidudu hakikomai mpaka kupe aanze kunyonya. Halafu wanasagwa, supu yao inachujwa na kugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali mno. Nilipoona kazi hiyo mara ya kwanza, nyama ya kusaga ilinishinda wiki nzima. Ule mtungi uliofuka moshi mweupe ndio uliobeba supu hiyo. Mrija mmoja hutosha ng'ombe wengi, na ukishayeyuka una saa chache tu. Ndiyo maana huwa tunawaita wote asubuhi moja.

Mimi ninayoihofia ni sindano ya pili. Kipimo chake hufuata uzito, na macho hudanganya. Nikiwa kijana nilimkadiria mtamba mmoja kwa macho, nikaona aibu kutoa mbele ya wazee utepe wa kupimia kifua, unaokisia uzito. Siku ya kumi na mbili mwenyewe alinifuata nyumbani: mtamba amelala, tezi chini ya sikio imefura kama limau. Tulimwokoa kwa dawa ya ndigana kali, buparvakwoni, nami tangu siku hiyo utepe haunitoki mfukoni. Muulize aliyekuchanjia kama alipima.

Wa kwako mwangalie kwa wiki tatu. Kila asubuhi mpapase chini ya masikio na mbele ya bega. Akizira maziwa, akihema kwa shida, au kipimajoto kikivuka 40, mpigie mtaalamu siku hiyohiyo. Usingoje povu puani.

Kuogesha usiache. Chanjo hii haizuii ndigana baridi wala ugonjwa wa mkojo mwekundu, na yote mawili huletwa na kupe.

Hereni ndiyo alama kwamba amechanjwa; usiitoe hata jirani akikucheka. Kwa Wamasai wa kaskazini, mnadani mtu hutazama sikio kwanza ndipo aulize bei, na mwenye hereni huuzwa ghali zaidi.