Kabla ya Kuiamini PCR ya Fangasi, Tazama Kontroli Yako

Kontroli yetu, yaani tyubu ya maji ya kuhakikisha kipimo ni safi, ilipanda kwenye mzunguko wa 36 wa PCR, kipimo kinachonakili DNA mzunguko baada ya mzunguko mpaka ionekane. Nilikuwa nimekaa mbele ya skrini nikitazama mstari wa tyubu iliyotakiwa kuwa na maji matupu, unajikunja kwenda juu sawasawa na ule wa sampuli ya mgonjwa iliyokuwa jirani. Mgonjwa huyo alikuwa na saratani ya damu, chembe nyeupe zimeshuka mno, homa ya siku ya tano haisikii antibiotiki. Daktari wake alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza kuhusu fangasi anayeshambulia mapafu: Aspergillus ipo au haipo? Mstari wa mgonjwa ulianza kupanda kwenye mzunguko wa 35.

Sikuyatoa majibu. Nilimpigia daktari nikamweleza kwamba kipimo cha leo hakiwezi kutegemewa, tunaomba damu nyingine. Hakufurahi, na sikumlaumu hata kidogo.

Kilichotuokoa ni kuwa na kontroli mbili za maji. Moja hupitishwa hatua zote za kutoa DNA kana kwamba ni damu ya mtu, nyingine huwekwa moja kwa moja kwenye PCR. Ya pili ilikuwa safi. Maana yake uchafu uliingia wakati wa kutoa DNA. Tulibadilisha kitu kimoja kimoja kwa siku tatu, hadi tukafika kwenye kimeng'enya cha kuyeyushia ukuta wa fangasi, boksi jipya lililofunguliwa wiki ileile. Vimeng'enya hivyo huzalishwa na vijidudu, na vinaweza kuja na mabaki ya DNA ya fangasi. Hata chupa za kuchukulia damu zimewahi kukutwa na DNA ya Aspergillus, maana spora zake ziko hewani kila mahali. Tangu hapo kila boksi jipya tunalipima kwa maji kabla halijagusa damu ya mgonjwa.

Kwa hiyo mwenzangu wa maabara ukiniuliza ununue mashine gani ya PCR, nitakuuliza kwanza DNA unaitolea wapi, na kwa njia gani. Karibu mashine zote nzuri zitasoma DNA ukizipelekea. Ugumu uko kwenye kuipata. Ukuta wa fangasi ni mgumu, umejengwa kwa kitini na glukani, na njia ya kawaida inayotosha kwa bakteria wengi au virusi huuacha mzima. Ukitumia damu nzima, chukua angalau mililita 3, kisha pasua seli kwa kuzitikisa kwa nguvu pamoja na shanga ndogo za kioo. Ukitumia seramu au plazima unatafuta DNA iliyokwisha kumwagika kutoka kwenye seli, hivyo shanga hazihitajiki, lakini usishuke chini ya nusu mililita. Mwishoni ikusanye DNA kwenye ujazo usiozidi maikrolita 100. Nimeona watu wakitoa DNA vizuri kabisa halafu wakaizimua kwa kioevu kingi mpaka ikapotea. Sisi tulianza na damu nzima, tukahamia plazima, na sijutii: kazi ni nyepesi, na hakuna bonge la damu la kunasa DNA kama ilivyo kwa seramu.

Chupa nayo ina neno lake. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo kwenye chupa zenye kifuniko cha kijani, huzuia PCR, kwa hiyo kijani hapana. Tumia kifuniko cha zambarau, chenye EDTA, inayozuia damu kuganda pia. Na kila sampuli iwekewe kontroli ya ndani, yaani DNA inayojulikana inayoongezwa ili kuona kama PCR imefanya kazi. Bila hiyo hutajua kama hasi ni hasi ya kweli au PCR yenyewe imegoma.

Kuna wanaouliza kama taabu yote hii inalipa. Kuotesha damu hukosa karibu nusu ya wagonjwa wenye Candida, fangasi wa jamii ya hamira, iliyoingia ndani ya mwili. Aspergillus karibu haioti kabisa kwenye damu, hata pafu likiwa limeharibika. Pneumocystis, fangasi anayeleta nimonia, haioteshwi katika kazi za kila siku. Fangasi wa kundi la Mucorales hawaonekani kwenye kipimo cha galaktomanani wala cha beta-glukani, vinavyotafuta vipande vya ukuta wa fangasi, ilhali PCR ya seramu inaweza kuwashika siku kadhaa kabla ya njia nyingine.

Sasa kwenye kutafsiri, ambako ndiko nimeona madhara mengi. Chanya moja ya Aspergillus kwenye damu usiiite ugonjwa. Vigezo vya kimataifa vya kutambua magonjwa ya fangasi, vya makundi ya wataalamu ya EORTC/MSGERC, vilivyotolewa 2020 viliikubali PCR, ila kwa damu vinataka chanya mbili au zaidi mfululizo, au moja ya damu pamoja na moja ya maji ya kuoshea mapafu. Nguvu kubwa ya kipimo hiki iko kwenye hasi zinazorudiwa, kwani humsaidia daktari kuiondoa hofu ya fangasi. Lakini mgonjwa ambaye tayari anapewa dawa ya kuzuia fangasi anaweza kutoa hasi ya uongo, kwa hiyo fomu ya ombi lazima iseme anatumia dawa gani. Pneumocystis ni kinyume chake: hasi ya maji ya mapafu inaaminika sana, ila chanya hafifu inaweza kuwa ya mtu aliyebeba vijidudu tu bila kuumwa. Usiandike "chanya" ukaishia hapo. Andika na mzunguko ambao mstari ulianza kupanda, kisha ongea na wodi.

Yule mgonjwa, damu yake ya pili na ya tatu hazikuonyesha kitu. Galaktomanani ikawa hasi, na CT ya kifua haikuwa na alama za fangasi. Daktari wake siku hizi hupiga simu kabla ya kuchukua damu, kuuliza atumie chupa ya rangi gani.