Refa, amini maumivu kwanza

SWALI: Kwenye pambano la sanaa mseto za mapigano, mpiganaji akichezewa rafu kisha akagaagaa chini, refa atajuaje kama anaigiza?

JIBU: Ndugu msomaji, mara nyingi hawezi kujua, na mimi niliyechezesha mapambano sitaki abahatishe. Aliyepigwa sehemu za siri anaruhusiwa hadi dakika 5 za kupumzika, asiharakishwe. Niliwahi kumwinamia kijana aliyezomewa na ukumbi mzima: midomo imempauka, jasho jembamba, vidole vinatetemeka juu ya turubai. Huyo anaigiza nini?

Machi 2021 bingwa Petr Yan alimpiga mpinzani wake Aljamain Sterling goti la kichwa wakati goti la Sterling liko sakafuni, jambo lililokatazwa. Yan akaondolewa, mkanda wa ubingwa ukaenda kwa Sterling, naye akaitwa mwigizaji. Jamani, aliyevunja sheria ni Yan!

Dawa ni kumkata pointi mcheza rafu mapema. Kidole kikishaingia jichoni, onyo la tatu la mdomo halisaidii kitu. Tena refa asimwulize majeruhi, "Utaendelea?" huku ukumbi ukipiga kelele. Amwite daktari, amwonyeshe vidole avihesabu.