Fungua faili kuanzia ukurasa wa kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi wodini hapa Moshi, mtaambiwa mapema kwamba kutibu matatizo ya ulaji ni ghali. Ni kweli, binti aliyekonda kupita kiasi anaweza kulazwa wiki nyingi. Lakini kabla hujalikubali neno hilo, fungua faili lake kuanzia ukurasa wa kwanza.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi, tulimpokea mwanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Rombo. Mwaka mzima alikuwa akitibiwa vidonda vya tumbo. Alishapimwa kwa kamera, akapigwa ultrasaundi, akamaliza dozi tatu. Kila safari mama yake alifunga genge, akalipa nauli ya watu wawili, na siku hiyo nyumbani hakikuingia kitu. Hakuna aliyemuuliza binti kama anajitapisha, hata mimi. Potasiamu, madini ya damuni yanayosaidia moyo kupiga, iliposhuka na mapigo ya moyo yakavurugika, ndipo tukauliza. Alijibu papo hapo, kama mtu aliyekuwa akingoja.

Maswali yapo. Tangu 1999 kuna matano yaliyotungwa London, yanaitwa SCOFF: je, huwa unajitapisha ukihisi umeshiba mno? Unahofia kwamba huwezi tena kujizuia kula? Umepungua zaidi ya kilo 6 ndani ya miezi 3? Unajiona mnene wakati wengine wanasema umekonda? Chakula kimetawala maisha yako? "Ndiyo" mbili zinatosha kukufanya uchunguze zaidi. Uliza mama akiwa nje, na usianze kwa kumsifu kwamba amepungua.

Bulimia, yaani ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha, mara nyingi haihitaji kitanda. Tiba ya mazungumzo iliyobuniwa Oxford huchukua vikao 20 hivi, na mwongozo wa Uingereza wa 2017 huwaanzishia watu wazima kitabu cha kujisaidia pamoja na mtu wa kuwafuatilia. Kwa vijana, wazazi ndio hushika usimamizi wa milo. Huku kwetu mzigo huo humwangukia mama, shangazi au bibi, na muda wao nao ni fedha.

Mahali ambapo hampaswi kubana matumizi hata kidogo ni kwa aliyekaa na njaa muda mrefu. Chakula kirudishwe polepole, madini ya fosfeti na potasiamu kwenye damu yapimwe mara kwa mara, la sivyo moyo unaweza kusimama. Na msimtoe mapema ili kupata kitanda, maana uzito usiporudi atarudi yeye, akiwa na hali mbaya zaidi.

Mkijaza gharama, hamtaona mstari wa nauli wala wa siku ambazo genge lilifungwa. Andikeni pembeni.