Nilimfokea mama juu ya uji

SWALI: Shangazi habari. Mama alipata kiharusi mwaka jana, upande wote wa kulia ukaisha nguvu na kuongea ni shida, mimi ndio nikafunga duka langu hapa Nakuru nikakaa naye. Namgeuza kila masaa mawili asipate vidonda, usiku simu inalia alamu saa sita, saa nane, saa kumi. Ndugu zangu wanatuma Mpesa na "Mungu akubariki dada". Juzi alitema uji ukanimwagikia, nikamfokea mpaka majirani wakasikia, halafu nikajifungia choo nikalia. Kuna siku najipata nikisema Mungu amchukue tu tupumzike. Sasa mimi ni mtu wa aina gani? – Kitinda mimba

JIBU: Pole sana mwanangu. Hiyo ya "Mungu amchukue" huandikiwa sana hapa, na wanaoandika ni wale hawajabanduka kwa kitanda cha mgonjwa. Mwaka mzima hujalala masaa manne yakafuatana, hasira itakosa kuwa karibu aje?

Huo uji sasa. Kiharusi hulegeza misuli ya kumeza, kwa hivyo kutema si lazima iwe ukaidi, pengine anajaribu asipaliwe. Mkalishe wima, kijiko kidogo kidogo, abaki amekaa kama nusu saa akimaliza, na umwambie daktari siku ya kliniki. Halafu karibu mmoja kwa kila watatu waliopata kiharusi huingia depresheni, huenda hata yeye roho iko chini. Muombe msamaha, asiyeongea husikia.

Ndugu zako usiwaombe pesa, waombe usiku. Mmoja aje Ijumaa alale na hiyo alamu, akishindwa alipe mtu. Na usiseme kwa grupu ya WhatsApp, huko utapewa emoji za mikono, piga simu mmoja mmoja. (Nilipomuuguza mume wangu Kisumu, shemeji alikuwa na maneno mengi sana mpaka alipolala huko siku moja, asubuhi akaomba chai tu.)

Kama huzuni imekaa wiki mbili bila kutoka, chakula hakipiti, na hata ukipata nafasi usingizi hauji, nenda hospitali useme leo mgonjwa ni mimi. Ukifika mahali unafikiria kujidhuru, au kumdhuru yeye, usingoje, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Na hilo duka, funguo bado unazo?