Barua kwa Mwanangu Mwalimu

Columbus, Ohio

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha ya kukuona umeandika Kiswahili kirefu namna ile, na ya pili kwa ajili ya swali lenyewe. Unasema kwamba Ramadhani imekaribia, kwamba katika shule yako huko nje kidogo ya Minneapolis wapo wanafunzi wachache wanaofunga, na kwamba msichana mmoja amekuomba umfungulie darasa lako wakati wa chakula cha mchana ili asikae bwaloni akiwatazama wenzake wakila. Mwalimu mwenzako amekuonya kwamba utakuwa unawatenga watoto, na mwingine anaona kwamba wewe mwenye hijabu ukifanya hivyo utaonekana una upendeleo. Unaniuliza kama ufungue au usifungue.

Upande wa sheria unaujua kuliko mimi. Ni wewe uliyenieleza, ukiwa bado chuo kikuu, kwamba tangu mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Marekani imezikataza shule za umma kuwaongoza wanafunzi katika sala, na kwamba mwaka 1969, katika kesi ya watoto wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita vya Vietnam, mahakama hiyohiyo ilisema mwanafunzi haachi haki zake langoni mwa shule. Kwa hiyo mtoto anaweza kusali adhuhuri yake, ila wewe huwezi kumsalisha. Nami nisingependa iwe vinginevyo, maana siku mwalimu wetu atakaporuhusiwa kuwasalisha watoto wa wenzetu, mwalimu wao naye atawasalisha wetu.

Lakini nilipofika pale uliposema kwamba msichana huyo amechoka kuulizwa kila siku "Hata maji hunywi?", chumba chako kilinitoka akilini nikaikumbuka ile Jumanne ya mwaka 2016.

Siku iliyotangulia, tarehe 28 Novemba, yule kijana mzaliwa wa Somalia aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ohio State, hapahapa Columbus, aliwagonga watu kwa gari kisha akawachoma kwa kisu, akajeruhi zaidi ya kumi kabla ya polisi kumpiga risasi akafa. Nawe ulikuwa gredi ya nane. Asubuhi ile baba yako alitaka mbaki nyumbani, mimi nikakataa, kwa sababu nilivyoamini wakati ule ndivyo ninavyoamini hadi leo: mtoto anapelekwa shule kusoma. Rafiki yako wa Kisomali hakuja, mama yake alimzuia. Ukawa wewe peke yako darasani mwenye mtandio.

Jioni mwalimu wako wa historia akanipigia simu. Alikuwa amewaketisha duara, akakuomba uwaeleze wenzako unavyojisikia kama Mwislamu, nawe ukasimama ukazungumza, akasema, kama mtu mzima. Darasa zima lilinyamaza, na mvulana mmoja akalia. Sikufichi, nilifurahi mno. Nilimpigia shangazi yako Mombasa bila kujali kwamba kule ni usiku wa manane, na Kibokoni yote ilipata habari kabla ya alfajiri kwamba mtoto wetu amewafunza Wamarekani.

Baada ya isha, nikitafuta kisanduku chako cha chakula mkobani, nikakuta karatasi. Hotuba ile yote ilikuwa imeandikwa, na juu umeweka tarehe ya Jumatatu. Hakuna aliyekuomba bado. Ulikuwa umekaa chumbani kwako usiku, miaka 13, ukijitayarishia utetezi kwa kosa la mtu usiyemjua, kwa sababu ulijua kwamba utaulizwa. Na katikati ya ukurasa uliandika kwamba sisi hatukutoka Somalia, tumetoka Kenya, kisha ukayakata maneno hayo kwa mistari miwili mizito. Sikukuuliza kwa nini uliyakata, na sihitaji kuuliza. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yako, nawe hukutaka kupita ukamwacha mwenzako ndani.

Hadi leo sijui kama karatasi ile inaniuma au inanipa fahari, na huenda mambo hayo hayatenganishiki. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Nia yake ilikuwa njema, na nia njema ndiyo inayonipa taabu, kwa kuwa mwenye nia mbaya ningejua la kumwambia. Alimwona mtoto mmoja, akamfanya msemaji wa watu zaidi ya bilioni moja. Hakumwomba mvulana yeyote wa Kizungu awaeleze wenzake anavyojisikia Mzungu mwenzake anapofyatua risasi kanisani. Mtoto anapelekwa shule kusoma, mwanangu, si kuutetea umma mzima kabla ya kengele ya pili.

Ingawa, nikisema hivyo, baba yako hunijibu: na kama asingesema yeye, angesema nani? Hana hoja dhaifu. Yule mvulana aliyelia ndiye aliyekuja kukaa nawe kwenye basi mwaka mzima. Na kaka yako, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya darasa lolote, aliwaachia wamwite Mo badala ya jina lake miaka minne, akawa anatoa vipande vya nyama ya nguruwe juu ya pizza kimyakimya na kuila iliyobaki, mpaka nilipomkuta. Kunyamaza nako kuna gharama yake. Wale majirani zetu waliowahamishia watoto wao shule ya Kiislamu waliwapunguzia maswali, hilo silikatai, na laiti karo ingalikuwa nafuu huenda nasi tungewafuata, lakini nawaona watoto hao sasa wakianza kuulizwa wakiwa chuo kikuu yale uliyoulizwa wewe ukiwa na miaka 13.

Wala usidhani kwamba haya ni ya Marekani tu. Kwetu Kenya, mwaka uleule wa 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu wasichana Waislamu wa shule moja ya Isiolo kuvaa hijabu, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Oktoba ya mwaka huo, hapa Ohio, msichana wa miaka 16 alikimbia mbio za nyika mpaka mwisho, akaenda kulisoma jina lake kwenye orodha ya matokeo asilione, kwa kuwa timu yake haikuwa imemwombea kibali cha kukimbia na hijabu. Sheria ya kuondoa sharti hilo la kibali ilitiwa sahihi mwaka 2022, naye alikwenda kuipigania mwenyewe mbele ya wabunge. Watu wanamsifu, nami namsifu. Lakini kila nikimsifu najiuliza aliacha kusoma nini jioni alizokuwa akiandika ushahidi wake.

Sasa turudi kwa msichana wako. Nimejizuia kutoa hukumu kwa sababu wewe ndiwe uliye pale, unayaona macho yake, mimi naona barua tu. Hata hivyo ulimi unaniwasha, na mama asiyesema lolote hujulikana kwamba anaumwa. Ukifungua chumba, usimwekee bango mlangoni wala usimpe kazi ya kuwaeleza wengine kwa nini yumo. Acha aingie na asiyefunga, hata yule rafiki yake mwenye sandwichi, asiyetaka tu kelele za bwalo. Na kama siku nyingine anataka kukaa bwaloni akitazama watu wakila, aende, maana futari ni mpaka jioni na mchana ni mrefu kwa mtu aliyefungiwa mahali pamoja. La zaidi ya hayo, asisikie kutoka kwako wewe swali lolote ambalo humwulizi mtoto aliyeketi karibu naye.

Huo si uamuzi, ni mawazo yangu. Baba yako anakusalimu sana, na anasema ufungue chumba, ufungue na madirisha, ingawa yeye hajaulizwa.

Mama yako