Barua kwa mwanangu: mjukuu wangu hajachelewa

Asalam aleikum mwanangu,

Nimepata ujumbe wako na ile picha ya daftari. Mwalimu wa bebi klasi, lile darasa la kwanza la chekechea, ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mtoto hashiki penseli vizuri, hawezi kuandika namba mpaka 20, anachanganya Kiswahili, Luganda na Kiingereza, na wenzake wakiandika yeye anazungumza peke yake. Wanataka aletwe kochingi, masomo ya ziada ya kulipia, kila Jumamosi, la sivyo mwakani arudie darasa. Nawe unaniuliza: mama, huyu mtoto amechelewa kweli? Nilipe?

Usilipe. Mjukuu wangu, mume wangu mdogo, ametimiza miaka minne Ramadhani iliyopita, na karibu kila kilichoandikwa pale ndivyo mtoto wa miaka minne alivyo. Yapo mawili ninayotaka uyafuatilie, nitayafikia, lakini kochingi haiyatatui. Nimefundisha watoto wa umri huo mpaka nikastaafu, na inaniuma kuona unakosa usingizi kwa ajili ya ukurasa wa daftari.

Tuanze na mkono, maana ndiko kelele nyingi ziliko. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina vijifupa vinane. Mtoto anapozaliwa, kwa kawaida hakuna hata kimoja ambacho kimekuwa mfupa. Vyote ni gegedu laini. Vinakomaa kimoja baada ya kingine, na mtoto wa miaka minne huwa navyo vitatu au vinne tu. Cha mwisho hungoja mpaka miaka minane au zaidi. Misuli nayo inafuata mpango wake: bega hutangulia, kisha kiwiko, kisha kifundo, vidole mwisho. Ndiyo sababu mtoto wa miaka mitatu hukamata penseli kwa ngumi na kuchora kwa mkono mzima kutoka begani. Wengi hufika kwenye kushika kwa vidole vitatu kati ya miaka minne na mitano, wengine wakikaribia sita.

Hata maumbo yana zamu yake. Duara huja kwenye miaka mitatu, msalaba kwenye minne, mraba baadaye kidogo, pembetatu kwenye mitano hivi, kwa sababu mstari wa mshazari, ulioinama upande, ndio mgumu kuliko yote. Sasa itazame herufi A, itazame K, itazame namba 4. Zote zina mistari ya mshazari. Mtoto ambaye hajafika kwenye pembetatu anapewa ukurasa mzima wa A, akishindwa anaandikiwa wino mwekundu.

Na mikono yake nimeiona mwenyewe. Mlipokuja Idd alikaa nami mkekani tukabambua karanga. Aliibana ganda kati ya kidole gumba na cha shahada, akangoja mpaka ilie, akaipasua, akatoa punje mbili na ngozi yake nyekundu haijachubuka. Ganda likikaza alitumia ukucha. Alijaza bakuli dogo bila kuambiwa na mtu aendelee. Vidole vinavyofanya hivyo havina ugonjwa wowote. Ndivyo hivyo hivyo vitakavyoshika penseli, na kazi ile ndiyo inayovitia nguvu. Mpe unga akande, mpe vifungo vya shati avifunge mwenyewe hata kama vani ya shule inapiga honi nje, mpe udongo, mpe mkasi usio na ncha. Vyote hivyo ni masomo ya kuandika.

Lakini jambo moja nililiona siku ile, nalo ndilo la kwanza kati ya yale mawili. Karanga zote alizibana kwa mkono wa kushoto. Mpira aliurusha kwa kushoto. Vijiti alivyochorea mchangani alishika kwa kushoto. Kwa watoto wengi mkono wanaoutegemea huwa umejitokeza kufikia umri huu, nao hautokani na ukaidi. Kwa hiyo Jumatatu nataka umuulize mwalimu swali moja tu kabla ya mengine: anampa penseli mkono gani? Nahofia kila akiishika kwa kushoto anahamishiwa kulia, halafu anaambiwa hajui kushika. Najua mama mkwe wako naye hataki kuuona mkono huo. Kula tutamfundisha kwa mkono wa kulia kama tulivyofundishwa sisi, hilo ni la dini na adabu, na mtoto wa kushoto analiweza bila shida. Kuandika aachiwe mkono wake. Ukimlazimisha unamfanya aichukie penseli kabla hajaijua.

Namba mpaka 20. Fanya jaribio hili jikoni. Panga maharage matano kwa safu, chini yake matano mengine, yakitazamana. Muulize kama yako sawa, atasema ndiyo. Kisha mbele ya macho yake tanua safu ya chini iwe ndefu, usiongeze hata haragwe moja, umuulize wapi pana mengi. Nina hakika ataonyesha ile ndefu. Jean Piaget wa Uswisi alifanya majaribio ya aina hii na watoto wengi, na nimeona matokeo yale yale kwa watoto wa Bombo na wa Kampala: mpaka miaka sita au saba hivi, jicho huishinda akili. Mtoto aliye hapo anaweza kuimba moja mpaka 20 kama wimbo wa msikitini na hata kuzinakili, lakini bado hajajua kwamba tano ni tano hata ukizitawanya. Hilo linakuja kwa kugawa: leta vijiko sita, kila mtu apate andazi moja, yamebaki mangapi? Usimkosoe akikosea jibu la maharage. Rudia baada ya miezi kadhaa, utamwona anaanza kusita.

Kuongea peke yake mwalimu ameona kama kasoro. Mimi nilifurahi niliposoma. Kulikuwa na msomi wa Kirusi, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, aliyeandika kwamba mtoto huanza kwa kuongozwa na maneno ya watu wazima, kisha hujiongoza mwenyewe kwa sauti, na mwishowe sauti ile huingia ndani ikawa mawazo. Msikilize vizuri siku moja. "Hiki hapa, hapana, kinaanguka, weka kikubwa chini." Huko ndiko kufikiri, ila bado kunasikika. Kazi ikizidi ugumu ndipo huongea zaidi. Ukimwambia nyamaza, umemnyang'anya kifaa chake cha kazi.

Kuna jingine kubwa linalotokea miaka hii na haliandikwi kwenye daftari lolote. Chukua ule mkebe wako wa biskuti unaowekea nyuzi na sindano. Muulize ndani kuna nini, atasema biskuti. Fungua aone nyuzi, funga tena. Kisha muulize: baba akirudi kazini akauona mkebe huu umefungwa, atadhani kuna nini ndani? Mtoto wa miaka mitatu hujibu "nyuzi", kwa sababu anachokijua yeye anaona dunia nzima inakijua. Kati ya minne na mitano anaanza kujibu "biskuti". Ameshajua kwamba kichwa cha baba kina mambo yake, na kwamba mtu anaweza kuamini kisicho kweli. Hapo ndipo pia huanza kukudanganya kwa ustadi, usishtuke. Na hapo ndipo huruma ya kweli huota, na kutunza siri, na kuomba radhi kwa maana yake. Ningempa mwalimu alama zote kama angeniandikia kwamba mtoto amefika hapo.

Kuhusu lugha sina mengi. Nyumbani ni Kiswahili, kwa jirani Luganda, shuleni Kiingereza, na kwangu anasikia Kinubi, lugha yetu Wanubi. Kuchanganya katika sentensi moja ni kawaida ya mtoto wa lugha nyingi, hakumchelewishi, na atazitenga mwenyewe. Wewe endelea kumsemesha Kiswahili kilichojaa, chenye hadithi na vitendawili, usimkatishie Kiingereza cha kuvunjavunja kwa kuwa shule imesema. Swali langu ni lingine: mtu asiyemzoea anamwelewa? Kwenye miaka minne mgeni anapaswa kuelewa karibu yote. Kwenye simu mara kadhaa nimemwita asiitike mpaka nipaze sauti, na nakumbuka mwaka jana alitoka usaha sikioni baada ya mafua. Hili ndilo la pili. Mpeleke kliniki ya masikio, hospitali ya Mulago, wampime. Sikio linaloziba huchosha mtoto darasani, akaonekana mzembe, kumbe nusu ya maneno hayamfikii. Pesa ya kochingi itumie hapo.

Sasa wenzake. Umesema Jumamosi mnabaki mmefunga geti, anatazama katuni kwenye simu mpaka adhuhuri. Hilo linanisumbua kuliko penseli. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, aliandika alivyowaona watoto wa chekechea wakicheza: wadogo hucheza peke yao, kisha kando kwa kando kila mmoja na chake, kisha wanaazimana vitu, na mwishowe wanacheza mchezo mmoja wenye zamu na kazi za kugawana. Ngazi ya mwisho haipandwi mbele ya simu. Kwetu hapa Bombo watoto wa nyumba tatu wanacheza kwepena uani, na mdogo asiyejua kukwepa bado anapewa kazi ya kuokota mpira. Anajifunza kungoja. Anajifunza kushindwa na kurudi. Wanapigana, wanasuluhishana, dakika kumi baadaye wamesahau. Ukiniuliza mtoto anahitaji nini aingie P.1, yaani darasa la kwanza la msingi, nitakuambia aweze kungoja zamu yake, kusema anachotaka bila kupiga, kwenda chooni mwenyewe na kukaa mbali na mama yake nusu siku. Herufi ataletewa na mwalimu.

Simlaumu mwalimu yule peke yake, ana watoto wengi na mkuu wake juu ya kichwa. Sheria ya elimu ya Uganda ya mwaka 2008 iliikubali elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza, lakini uendeshaji ikawaachia watu binafsi. Kwa hiyo shule zinashindania wazazi, na mzazi hupenda kuona daftari limejaa. Mwongozo wa kufundisha watoto wa miaka mitatu mpaka sita upo tangu 2005, umetoka Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala, na umejengwa juu ya michezo na shughuli. Ukizungumza na mkuu wa shule utaje huo, kwa heshima. Muulize watoto wanacheza nje kwa muda wa saa ngapi kila siku.

Halafu usingizi. Umeniambia vani inampitia saa kumi na mbili kasoro, kwa hiyo anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, na kwa sababu ya kazi za shule analala saa tatu na nusu usiku. Hesabu mwenyewe: ni saa saba na nusu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji saa 10 mpaka 13 kwa siku, akicheza na kukimbiakimbia saa tatu kwa jumla, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja. Mtoto anayelala saa saba na nusu atasinzia, atalia ovyo, mkono utalegea. Acheni hizo kazi za usiku. Ale magharibi, aoge, asimuliwe hadithi, na saa moja na nusu awe kitandani. Hata hivyo bado hazitoshi vizuri, basi mchana wa Jumamosi na Jumapili mwache alale. Zungumza na mkwe wangu pia kuhusu shule ya karibu zaidi. Naona umbali ule unamgharimu mtoto kuliko mnavyodhani.

Kula kidogo usikuhofishe mradi anakua. Mwaka wa kwanza alirefuka haraka sana. Sasa ni kilo mbili hivi na sentimita sita au saba kwa mwaka, basi na njaa imepungua. Tumbo lake ni dogo: mpe kidogo kidogo mara nyingi, uji wa mtama wenye karanga, yai, parachichi, mukene (dagaa) uliosagwa kwenye mchuzi. Chai na chapati peke yake isiwe chakula cha mchana. Na dawa ya minyoo usisahau, Aprili na Oktoba kituo cha afya hutoa.

Kwa hiyo Jumatatu ni mwalimu na swali la mkono, na wiki hiyo hiyo masikio. Akipimwa nipigie simu siku ile ile, usingoje jioni. Muhula ukifungwa mlete hapa, nimeshanunua gunia la karanga, na watoto wa jirani wanamuulizia.

Msalimie mkwe wangu na mama yake.

Mama yako, Bombo